Kovu Lililofutwa

"Huyu ni nani?"

Fundi aliuliza hivyo akiwa bado mlangoni pa studio, fremu kwapani, vumbi la mbao kwenye nyusi. Hakusalimia. Na yeye ni mtu wa kusalimia hata paka wa dukani, kwa hiyo siku akiisahau salamu, ujue jambo limemkwama kooni.

Brashi hakugeuka. Alikuwa kwenye kompyuta, anamfuta bwana harusi mmoja jasho la shingoni.

"Nani ni nani?"

"Huyu uliyenipa jana nimtie kwenye fremu." Akaiweka juu ya meza, mbele yake. "Nimemtazama tangu asubuhi. Simjui."

"Basi macho yako yanazeeka. Huyo ni mimi."

"Siye."

"Ni mimi, Fundi! Hilo gauni la bluu si hili hapa nimelivaa?"

"Gauni nimelijua. Mtu ndiye niliyemkosa."

Sasa hapo ndipo Brashi alipogeuka, akavuta barakoa yake ikapanda mpaka chini ya macho, kama afanyavyo akiudhika. Na ili msomaji asimwone mkorofi bure, ni vizuri amjue.

Brashi si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na watu wa mtaa ule wa maduka kwa sababu ya kazi yake ya kusafisha picha. Ukienda kupigwa picha pale, anayekupiga ni Bosi, mwenye studio. Lakini picha ikishapigwa inakwenda nyuma ya pazia kwa Brashi, na huko ndiko unakotengenezwa upya. Kompyuta yake ilikuwa na kibrashi cha kuendeshwa kwa kipanya: doa akilipitia mara moja limefifia, mara ya pili halijawahi kuwapo. Hakuna picha iliyotoka bila kupitishwa kibrashi, hata ya kitambulisho. Ndiyo sheria ya Bosi. "Mteja halipii uso alionao," alipenda kusema. "Uso alionao anao bure."

Na huyo aliyewaondolea watu chunusi kwa kidole kimoja, chunusi zake mwenyewe zilimganda tangu alipovunja ungo. Wakamwambia zitaisha akitoka utotoni. Utoto ukaondoka peke yake. Wala hazikuwa vile vipele vya juu juu ambavyo mtu huamka navyo na kulala hanavyo. Zilikuwa mavimbe ya ndani, ya kidevuni na kwenye taya, yakija yamekuja, kama mgeni asiyetaja siku ya kurudi kwao. Likipona moja linaacha doa jeusi, na jirani yake ameshaanza kuvimba.

Kila mwenye mdomo akawa daktari. Paka dawa ya meno. Sugua limau na chumvi. Acha mafuta. Kunywa maji mpaka yakutoke puani. Yupo aliyemshauri mkojo wa alfajiri, tena kwa sura ya mtu aliyesoma. Shangazi yake alimaliza yote kwa neno moja: "Mume." Kisha akaja dada wa saluni na kopo lisilo na maandishi, krimu ya kuchanganya. Wiki mbili uso ukawa laini kama wa mtoto, Brashi akaanza kujipenda, akaanza hata kusimama mbele ya kioo bila kufumba jicho moja. Alipoacha kupaka, chunusi zikarudi na ukoo wao wote, na ngozi imekuwa nyembamba, jua la saa nne tu linamchoma.

Mwisho akaenda kwa daktari wa ngozi. Daktari mwenyewe mmoja, na wanaomngoja wamejaa benchi mpaka kwenye ngazi. Nani aliyepanga daktari mmoja kwa ngozi zote zile, usiulize. Waliopanga hawakai kwenye benchi.

Daktari alikuwa mama wa makamo, sauti ya taratibu. Alimshika kidevu akakigeuza huku na huku.

"Hizi hazitokani na uchafu, binti. Acha kuzisugua, utazichokoza. Lile kopo la saluni litupe. Nakupa jeli ya usiku, kiasi cha punje ya njegere, uso mzima, siyo juu ya kipele peke yake. Asubuhi upake hii nyingine. Mwanzoni zinaweza kuchachamaa, usikimbie. Dawa ya chunusi ina mwendo wa kinyonga, nipe miezi mitatu. Ikifaa tunaendelea. Isipofaa tunapanda ngazi, dawa nyingine zipo. Lakini lazima nione, na kwa foleni hii hutaniona upesi. Kila Ijumaa jipige picha dirishani, mwanga wa mchana, uitume kwenye simu ya kliniki. Nitaziangalia mwenyewe."

Brashi akatumia dawa kwa nidhamu ya askari. Kila Ijumaa akatuma picha, na kila Ijumaa likarudi jibu moja: "Daktari ameona. Vizuri sana. Endelea na dawa hiyo hiyo." Miezi mitatu ikafika, jibu likawa: "Huna haja ya kuja. Nafasi yako amepewa mwenye shida zaidi." Na uso ulikuwa pale pale ulipokuwa.

"Hawaangalii," alimwambia Fundi siku ile kwa uchungu. "Wanabonyeza tu. Nani aangalie uso wa mtu asiye na cheo?"

Nani wa kumlaumu kwa kuwaza hivyo? Wakubwa wana macho ya kupita juu ya vichwa vya watu. Aliyewahi kumpeleka mpenzi wake hospitali akarudi na shuka peke yake, hilo hafundishwi.

Basi huyo ndiye Brashi. Na Fundi ni fundi wa fremu, duka lake ni mlango wa pili kutoka studio. Mtaani wanamwita Msumari Mmoja, kwa sababu hushikilia kwamba picha iliyopimwa vizuri haihitaji msumari wa pili ukutani. Alikuja studio kuchukua picha za wateja, akachelewa kuondoka, kesho yake akachelewa zaidi. Ilikuwa Brashi akila nyuma ya pazia ndipo alipomwona bila barakoa kwa mara ya kwanza. Hakuona chunusi kwanza, au kama aliziona hakuzisema. Aliona kovu dogo juu ya pembe ya mdomo, la mpini wa ndoo alioangukia utotoni. "Ukicheka," alimwambia, "kovu linatangulia, mdomo unafuata." Mwanamke aliyezoea kutazamwa kwa huruma alisikia maneno hayo akashindwa kumeza tonge.

Tatizo lilikuwa mama yake Fundi. Mjane, mwanawe ni huyo mmoja. Alikuwa amemwona Brashi kwa mbali tu, na barakoa usoni, akasema: "Anayeficha uso ana la kuficha. Kama ni ugonjwa wa damu, wajukuu wangu wataurithi?" Akataka picha kwanza. Bila picha, hakuna mazungumzo, hakuna mtu kuja kwa mtu. Brashi akatoa picha.

Ndiyo hiyo sasa iko mezani, na wawili wanaitazama kama maiti.

"Mama yako ameomba picha, nimempa picha," alisema Brashi. "Kosa langu liko wapi?"

"Ameomba picha yako."

"Ulitaka nimpe hii?" Akaishusha barakoa. Kidevuni kulikuwa na vimbe jipya, jekundu, linang'aa. "Haya! Mpelekee. Akuulize umeniokota jalala gani."

"Mimi naitazama kila siku. Nimekuuliza?"

"Wewe umependa. Aliyependa hana macho."

"Ninayo. Ndiyo yaliyoona kovu halipo."

"Kovu gani?"

Fundi akaigeuza fremu, akaweka kidole juu ya kioo, pembeni mwa mdomo. "Hapa. Umelipeleka wapi?"

Brashi akainama. Akaisogeza taa ya meza. Pembe ya mdomo ilikuwa laini, tambarare, kama karatasi ambayo hakuna aliyeandika juu yake. Hakukumbuka kulifuta. Chunusi alizifuta kwa makusudi, moja moja, na mengine yote mkono ulijiendea wenyewe.

"Ni… mazoea," alisema taratibu. "Kovu ni kitu kidogo."

"Kwako ni kidogo. Mimi nilipopigilia kioo nikajua nimefunika mtu mwingine." Sauti yake haikuwa ya ukali tena, na hilo ndilo lililomuuma Brashi zaidi. "Mama akishamzoea huyu, akamtundika ukutani, akamwonyesha kila mgeni, siku ya siku mimi nitamletea nani nyumbani?"

"Basi mletee msafi! Wapo tele. Mimi nawatengeneza hapa kutwa, chagua."

"Usiseme hivyo."

"Kwani uongo? Wewe ni mwanamume, hujui. Hujui kuingia mahali watu wakaongea na kidevu chako. Hujui kuambiwa 'pole' na muuza vocha. Leo nimepata nafasi moja, moja tu, mtu aniangalie asione kitu, na wewe unakuja kunidai kovu!"

Fundi alimtazama muda mrefu, macho yakamtoka kwenye kidevu yakaenda kwenye macho, yakatulia hapo, na Brashi akatamani amshike mkono na akatamani pia atoke nje aende zake.

"Mama yuko kwa fundi viatu, hapo nje," alisema hatimaye. "Amechoka kungoja picha. Amekuja kuona mwenyewe."

"Umemleta leo? Nikiwa hivi?"

"Sikumleta. Amenifuata. Yeye na mimi, nani mkubwa?" Akaelekea mlangoni. "Nitamwambia una kazi nyingi. Nitamwambia aje siku nyingine. Uongo umekwisha kuanza, wacha na mimi niongeze wangu."

Akatoka. Hata mlango hakuubamiza. Aliuegesha polepole, kama anavyoegesha kioo.

Brashi akabaki na mwanamke wa kwenye fremu. Mzuri kweli, mjinga wa kupendeza, hana jambo. Akashika simu yake ili apate mahali pa kuelekeza macho. Ilikuwa Ijumaa. Picha ya kliniki alishaipiga asubuhi, alishaipitisha kwenye kompyuta kama kawaida, imerudi kwenye simu, imebaki kutumwa tu. Akaifungua.

Akatazama pembe ya mdomo. Kovu halikuwapo.

Akafungua ya Ijumaa iliyopita, halipo. Ya kabla yake, halipo. Akarudi nyuma, nyuma zaidi, mpaka ile ya kwanza kabisa. Hapo lilikuwapo, na siku ile alikuwa amefuta vimbe moja tu. Akakumbuka hata alichojiambia: simu ya kliniki inashikwa na watu wengi, nani anajua ni nani atakayeifungua, akaanza kumcheka na wenzake. Moja tu. Wiki iliyofuata yakawa mawili. Kisha hakujiambia chochote tena. Kwake yeye picha haikuwa picha mpaka isafishwe, kama vile mpishi mzuri hapakui bila kufuta ukingo wa sahani. Hata alipoambiwa "mwanga wa mchana," alisikia mwanga, akasahau kwamba aliyeomba alitaka kuona.

Akaiweka simu juu ya meza.

Kumbe daktari alikuwa anaangalia. Ijumaa zote zile, na foleni yake na uchovu wake, yule mama alifungua simu akaangalia kwa makini uso uliokuwa unapona vizuri wiki hadi wiki, akafurahi, akasema endelea. Ngazi zilikuwapo za kupanda. Aliyemzuia kwenye kidato cha kwanza ni mkono huu huu ulioshika kipanya.

Ukizoea kuwalaumu wakubwa, na mara nyingi wanastahili, siku kosa likiwa lako hujui ulishike wapi. Brashi alilishika kwa machozi.

"Hodi."

Hakuwahi hata kujibu. Pazia lilishasogezwa. Aliyesimama pale alikuwa mama mfupi, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Brashi akapapasa barakoa. Ilikuwa imeanguka chini ya kiti, upande wa miguu ya mgeni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Yule mwanangu amenidanganya una kazi nyingi. Hajui kudanganya, masikio yake yanahama." Akatupa macho mezani, kisha akamrudia Brashi. "Wewe ndiye?"

"Mimi ndiye, Mama."

"Na huyu?"

"Huyo…" Brashi alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Huyo ni kazi yangu."

"Mh. Kazi nzuri. Inatisha." Akakikalia kiti cha wateja, chini ya taa kubwa, kama mtu aliyekuja kupigwa picha. "Sogea hapa penye mwanga. Mimi sina macho, na wewe huna pa kujificha, tusaidiane."

Brashi akasogea. Akapiga magoti mbele ya kiti. Mama akavaa miwani. Akamtazama paji, mashavu, taya, kidevu, bila haraka, kama anayekagua nguo ya mtumba kwenye jua. Brashi akajiandaa. Alijua maswali yote kwa zamu: unakula nini, unanawa na nini, umemkosea nani, kwenu wapo wengine?

"Zinauma?" aliuliza Mama.

Miaka yote ile, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Zinauma, Mama," alisema Brashi. "Usiku siwezi kulalia upande huu. Na nikicheka sana, kidevu kinavuta."

"Najua."

"Unajua?"

"Marehemu baba yake huyu alikuwa na mgongo wa hivyo. Usoni hana kitu, kijana wa kuringa, kumbe ndani ya shati ni vita. Mashati yalishika damu. Nilikuwa nayafua mwenyewe alfajiri ili majirani wasiyaone kwenye kamba. Nikamwambia, nenda hospitali. Akasema watamcheka." Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, kwa muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. "Mpaka tunamzika, ni mimi tu niliyekuwa nimeuona mgongo ule. Alinifanya nitunze siri yake, na siri haikumbatiwi usiku."

Akaivaa tena.

"Kwa hiyo wajukuu…" Brashi alianza.

"Wajukuu wakizipata, wasikusingizie wewe peke yako. Kwetu zipo za kutosha. Mimi nilichoogopa ni kile kitambaa. Mtu akijifunga mdomo mwaka mzima, mzazi atawaza nini? Nikadhani ni jambo la kuambukiza." Akakunja uso. "Lakini mimi sijasema ndiyo. Tusichanganye mambo. Nimeuliza kama zinauma, basi. Daktari anasemaje?"

Hapo Brashi angeweza kusema "anasema niendelee," na lingekuwa neno la kweli kabisa. Akalitazama lile neno. Akaliacha.

"Daktari hajui, Mama. Nimekuwa nikimtumia picha. Zote nilizisafisha."

"Ulizisafishaje?"

"Kama huyu." Akaonyesha fremu.

Mama akaangalia fremu, akaangalia uso, akaangalia tena fremu. Kifua kikaanza kumtikisika, na Brashi akadhani amekasirika, kumbe kicheko kinatafuta njia.

"Yaani mgonjwa ni wewe, ukampelekea daktari uso wa kukodi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ukamnunia kwa kutokukuponya?"

"Nilimnunia sana."

"Ee Mungu, nimepata kichaa mwenzangu!" Akajipangusa machozi. Kisha akapaaza sauti kuelekea pazia: "Wewe Msumari! Toka huko nyuma, kivuli chako nakiona tangu zamani. Ingia!"

Fundi akaingia, kichwa chini, masikio mekundu.

"Leo si Ijumaa?" Mama akamuuliza. "Chukua simu ya mwenzio. Mpige picha pale dirishani, aitume kwa daktari. Na wewe binti, kikompyuta chako usikiguse."

"Lazima leo, Mama?"

"Hicho kidevu kinataka kungoja Ijumaa nyingine?"

Brashi akaenda dirishani. Mwanga wa mchana ukampiga sawasawa, mwanga ambao kwa miaka mingi alikuwa akiukwepa kama deni. Fundi akainua simu, mikono inatetemeka.

"Mbona unatetemeka, unapigilia?" Mama alisema kutoka kwenye kiti.

"Niache, Mama."

Akasogea hatua moja karibu. Akanong'ona, macho kwenye simu: "Nisamehe kwa ule ukali."

"Nisamehe kwa wale wasafi."

"Ugeuze uso kidogo. Upande wa kovu."

Brashi akageuza. Kwa muda mfupi hakuna aliyebonyeza kitu. Fundi alikuwa anamtazama kupitia kioo cha simu, na Brashi alikuwa anatazama kule nyuma ya simu kulikokuwa na macho, na wote wawili walisahau kwamba kuna mzazi mle ndani. Mzazi akakohoa. Picha ikapigwa.

Brashi akaipokea simu. Kidole gumba kikaenda chenyewe mahali pa kusafishia. Akakiona kinavyokwenda. Akakirudisha, akatuma.

Jibu likachelewa. Nje, fundi viatu alikuwa anagonga soli, ko, ko, ko. Kisha simu ikatetemeka.

"Soma kwa sauti," alisema Mama. "Nimeshauona uso, barua ni kitu gani."

"'Daktari anauliza: picha hii ni ya leo?'"

Brashi akaandika, akisema kila neno anapoliandika: "Ni ya leo. Zile za nyuma zote nilizisafisha. Nisamehe, daktari."

Wakangoja. Safari hii hata Fundi alikaa chini, sakafuni, mgongo ukutani. Brashi alikuwa na hakika atafukuzwa kliniki. Nafasi yake alipewa mtu mwingine, na mtu huyo labda alikuwa na haki nayo kuliko yeye. Simu ikatetemeka tena.

"'Daktari anasema asante kwa ukweli. Amecheka kidogo, halafu amesikitika. Njoo Jumatano, atakuona mwenyewe. Dawa ya kupaka peke yake imeonekana haitoshi. Kuna vidonge vya hatua inayofuata, vina nguvu, vina vipimo vyake na masharti. Kabla ya yote anauliza…'" Brashi akasita. Damu ikampanda usoni, penye chunusi na pasipo chunusi.

"Anauliza nini?"

"Ni mambo ya hospitali tu, Mama."

"Soma."

"'Anauliza kama una mpango wa kuolewa hivi karibuni. Na kama mnatafuta mtoto. Vidonge hivyo havimezwi na mwenye mimba wala anayeitafuta, vinamdhuru mtoto tumboni. Ni vya miezi kadhaa, na mwezi mwingine juu yake baada ya kumaliza. Fikiri vizuri, mjadiliane na mwenzako.'"

Ko, ko, ko, soli kule nje.

Fundi hakumtazama mama yake. Alimtazama Brashi.

"La kwanza, ndiyo," alisema. "Kama mwenyewe anakubali."

"Unamjibu daktari au unachumbia?" aliuliza Mama.

"Vyote viwili."

"Ukiwa umekaa sakafuni?"

Fundi akasimama, akajikung'uta suruali, vumbi la mbao likapaa kwenye mwanga. Brashi alitaka kusema ndiyo pale pale. Lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini kulikuwa na lingine mbele yake, na hakutaka kulifuta.

"Mama," alisema, "siwezi kukuficha. Nataka kuzimeza hizo dawa. Najua unangoja wajukuu. Nikizimeza, watachelewa. Na kama ni lazima nichague leo, hapa, kati ya kukufurahisha na kwenda kwa daktari…" Akauinua uso. "Nitakwenda kwa daktari. Nimechoka kupona kwenye picha."

Mama akafungua mkoba, akatazama ndani kana kwamba jibu aliliweka humo, akaufunga. Akaufungua tena. Alikuwa ametazama mbali, labda kwenye kamba ya nguo ya zamani, alfajiri, kabla majirani hawajaamka.

"Huyu," alisema, akimnyooshea mwanawe kidole, "nimemngoja aoe mpaka magoti yameanza kunijibu nikisimama. Nikaweza. Mjukuu naye atangojwa, hana zaidi ya baba yake." Akanyanyuka, na kweli magoti yakalia. "Mwandikie daktari. Mwambie la kwanza wamesema ndiyo. La pili, bibi anasema amalize kwanza kazi yake."

"Lakini, Mama, ulisema hujasema…" alisema Brashi.

"Sasa nimesema. Unataka nirudie ili ubishe vizuri?"

Fundi alikuwa ameshaichukua ile fremu, ameigeuza kifudifudi, anang'oa misumari midogo ya nyuma mmoja mmoja kwa ncha ya kisu. Mwanamke msafi akatoka, akawekwa pembeni juu ya meza, hana neno.

Brashi akacheka. Kidevu kikavuta, kikauma, asikijali. Kovu likatangulia, mdomo ukafuata.